Risiti zetu zimeondolewa kwenye mjadala kwa sababu zilichelewa: je, majaji wanaweza kuhukumu bila kuzisoma? (Mahakama Kuu, Lubumbashi, DR Kongo)

Binti wa Katuba anauliza:

Salamu kwenu nyote. Naandika kwa niaba ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, ambaye tangu wiki iliyopita hali wala halali kwa ajili ya kesi ya kiwanja chetu cha Katuba. Marehemu baba alikinunua kiwanja hicho mwaka 2006 kwa mtu waliyefanya naye kazi, akalipa kwa awamu nne, na kila alipolipa muuzaji alimwandikia risiti kwa mkono wake. Cheti cha usajili hakikubadilishwa jina. Kila mwaka baba alisema atakwenda kulimaliza jambo hilo, mpaka kifo kikamkuta. Muuzaji naye amefariki, na watoto wake wametushtaki katika Mahakama Kuu, ile tunayoizoea kwa jina la TGI, wakiomba tufukuzwe kwa madai kwamba baba alikuwa mpangaji tu.

Siku ya kwanza ya baraza, yaani kikao cha mahakama, avoka (wakili) wetu alifika, akaomba remizi, yaani kesi iahirishwe, ili pande zote mbili zipeane hati. Baraza la pili hakufika. La tatu pia hakufika, akatuambia kwamba alikuwa safarini. Tarehe 2 Machi wisie, yaani mpeleka hati wa mahakama, alileta somasio, yaani onyo rasmi la maandishi, katika ofisi ya avoka wetu, ikimtaka atoe maandishi ya hoja, yaani konklizio. Sisi hatukuambiwa lolote. Risiti zenyewe alikuwa nazo tangu mwanzo: mama alimpelekea mwenyewe, zikiwa katika kopo la maziwa ambamo baba alizihifadhi, karatasi nne za daftari la shule, zilizokunjwa mara nne, kila moja ikiwa na kidole gumba cha wino wa bluu chini ya jina la muuzaji.

Kesi ilirudi barazani Jumatano tarehe 18 Machi. Avoka wetu alikuja asubuhi hiyo na konklizio pamoja na kopi za risiti, akampa mwenzake pale pale kwenye benchi kabla majaji hawajaingia. Avoka wa upande wa pili alisimama akaeleza kwamba hajawahi kuziona karatasi hizo, kwamba somasio ilishatolewa na muda umekwisha, na kwamba anaomba ziondolewe kwenye mjadala. Majaji walimkubalia. Wetu akaruhusiwa kusema kwa mdomo kwa dakika chache, kisha kesi ikawekwa delibere, yaani majaji wakaenda kuandaa hukumu.

Nilikuwa nimekaa nyuma na mama. Aliponiuliza, «Wamesema nini juu ya karatasi za baba yako?», nilishindwa kumjibu.

Maswali yangu ni haya. Je, sheria ya nchi yetu inaruhusu kweli ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ya kuchelewa? Je, kuna jambo tunaloweza kufanya sasa kabla hukumu haijasomwa, au tungoje hukumu ndipo tukate rufaa? Na je, kosa la avoka ni kosa letu?

Karani Mstaafu anajibu:

Binti yangu, pole wewe na mama. Nimekaa kwenye meza ya karani kwa miaka mingi katika mji huu, na mambo kama hayo nimeyaandika kwa mkono wangu zaidi ya mara moja. Nitakujibu kwa uwazi hata kama sehemu ya jibu haitakufurahisha.

Kanuni yetu ya mwenendo wa kesi za madai ni dekreti ya tarehe 7 Machi 1960. Ni sheria fupi. Haimtozi faini mtu aliyechelewesha hati, wala haina orodha ndefu ya adhabu kama zile za nchi nyingine. Adhabu yake ni ya namna nyingine: karatasi ambayo mwenzako hakupewa nafasi ya kuisoma na kuijibu inahesabiwa kwamba haikuletwa. Inaweza kuwa karatasi ya kweli kabisa, yenye sahihi na kidole gumba, lakini mbele ya majaji inakuwa bubu. Msingi wake ni haki ya kujitetea, ambayo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inailinda katika kifungu cha 19, na haki hiyo ni ya watoto wa muuzaji kama ilivyo ya mama yako. Mtu hawezi kujibu risiti aliyoiona kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya meza ya hakimu.

Sasa kuhusu somasio. Kifungu cha 19 cha kanuni hiyo kinasema kwamba mshtakiwa aliyewahi kufika barazani, kisha akaacha kufika au akaacha kutoa konklizio, anaweza kupewa somasio, na baada ya siku 15 kamili mdai anaruhusiwa kuomba hukumu kwa kutegemea hati zilizopo. Siku kamili maana yake ni kwamba siku ya kupokea haihesabiwi, na siku ya mwisho sharti iishe yote. Mlipokea tarehe 2, kwa hiyo hesabu inaanza tarehe 3 na siku ya kumi na tano ni tarehe 17. Tarehe 18 upande wa pili walikuwa na haki ya kuomba walichoomba. Walihesabu vizuri, hakuna walipowaibia siku.

Ninachokushauri ufanye kesho asubuhi, kabla ya jambo jingine lolote, ni kwenda kwa karani wa chumba kilichosikiliza kesi na kuomba kuona plimitifu ya tarehe 18, yaani karatasi ambamo karani huandika yote yanayosemwa barazani. Angalia kama imeandikwa kwamba hati zimeondolewa, kwa sababu gani, na kama avoka wenu aliomba kesi iahirishwe ili mwenzake apate muda wa kusoma. Watu wengi hudhani kwamba yaliyosemwa barazani yanakaa katika kumbukumbu ya majaji. Majaji wana kesi nyingi, na wanapokaa kuamua wanasoma kilichoandikwa. Ikiwa ombi lilifanywa kwa mdomo na halikuandikwa, itakuwa vigumu kulithibitisha mbele ya Mahakama ya Rufaa.

Kuhusu kosa la avoka: ndiyo, binti yangu, mbele ya mahakama anachokifanya avoka wenu ni kama mmekifanya ninyi.

Mpangaji wa Kampemba anajibu:

Naomba niseme neno moja kutoka upande wa pili wa benchi, nikiwa na huruma kamili kwa mama huyo.

Mimi nilikuwa mdai. Nilimshtaki mtu aliyechukua fedha zangu za dhamana ya nyumba na akakataa kunirudishia. Yeye na avoka wake walijua jambo moja tu: remizi. Leo hati hazijakamilika, wiki ijayo avoka mgonjwa, wiki inayofuata wanataka muda wa kujibu barua ambayo walikuwa nayo kwa miezi minne. Kila baraza nililipa usafiri, nilifunga duka, na mashahidi wangu walichoka mpaka mmoja akahamia Kasumbalesa. Siku avoka wangu aliponieleza kwamba kuna somasio, na kwamba siku 15 zikipita jamaa hawezi tena kutuchezea, ndipo nilipoanza kuamini kwamba sheria ina meno.

Sisemi kwamba ninyi mlikuwa mnacheza, dada. Lakini majaji hawawezi kusoma moyo wa mtu, wanaona mabaraza mawili bila avoka na somasio bila jibu. Tukisema kwamba kila aliyechelewa apokelewe kwa sababu hati yake ni nzuri, basi mwenye hati nzuri hatakuwa na haja ya kuwahi kamwe.

Maître wa Kamalondo anajibu:

Mimi ni avoka. Nakubaliana na Mzee Karani karibu katika yote, lakini sikubali kwamba mlango umefungwa, na ningependa Binti wa Katuba aelewe kwa nini, maana muda alio nao ni mfupi na una thamani kubwa.

Kwanza, kesi iko delibere, haijahukumiwa. Sheria ya muundo wa mahakama ya tarehe 11 Aprili 2013 inawapa majaji siku 30 za kutoa hukumu katika kesi za madai. Katika siku hizo upande wowote unaweza kumwandikia Rais wa mahakama ombi la kufungua tena mjadala. Majaji hawalazimiki kulikubali. Hulikubali pale wanapoonyeshwa kwamba kuna hati inayoweza kubadilisha matokeo ya kesi na kwamba bila hati hiyo wangehukumu gizani. Risiti nne zenye kidole gumba cha muuzaji, katika kesi ambayo swali lote ni kama marehemu alikuwa mnunuzi au mpangaji, ni hati ya namna hiyo. Ombi liandikwe, lieleze kila risiti kwa tarehe na kiasi, liambatane na kopi, na, jambo ambalo wengi hulisahau, kopi nyingine ipelekwe siku hiyo hiyo kwa avoka wa upande wa pili naye atie sahihi ya kupokea. Ukipeleka kwa majaji peke yao, utakuwa umerudia kosa lile lile lililokuangusha tarehe 18.

Katika ombi hilo msiseme kwamba avoka alikuwa safarini. Sababu hiyo haimgusi jaji, na kusema kweli haipaswi kumgusa. Semeni kwamba upande wa pili hautaumia: wapewe wiki mbili wazisome, waletewe risiti za asili wazikague, na wakidai kwamba kidole gumba si cha baba yao, waseme hivyo kwa maandishi. Kifungu cha 28 cha kanuni kinasema kwamba kasoro ya hati ya mwenendo wa kesi haiibatilishi hati hiyo isipokuwa imeumiza maslahi ya upande mwingine. Najua kwamba kifungu hicho kinahusu kasoro za hati za mahakama na si uchelewaji wa ushahidi, na wenzangu wengine watanipinga, lakini roho yake inanisaidia kila mara ninapoomba mjadala ufunguliwe: sheria yetu inauliza ni nani aliyeumia kabla ya kuadhibu.

Pili, angalia somasio yenyewe. Kifungu cha 19 kinataka somasio inakili maneno ya aya ile inayoitoa, ili anayeipokea ajue wazi kitakachompata. Nimewahi kuona somasio zilizoandikwa haraka, zinazomtaka mtu «atoe konklizio kadiri ya sheria» bila kunukuu chochote. Ikiwa yenu ni ya namna hiyo, ni hoja. Si hoja ya kuwaokoa peke yake, kwa sababu mtaulizwa, kwa kifungu kile kile cha 28, kasoro hiyo iliwaumiza vipi wakati mliyempa kazi ni avoka anayeijua sheria. Iandikeni hata hivyo.

Tatu, kuhusu rufaa, hapa nataka usome taratibu, kwa kuwa hapa ndipo familia nyingi hupotea. Hukumu ya mtu ambaye hakufika kabisa inaweza kupingwa kwa oposisio mbele ya mahakama ile ile, ndani ya siku 15 tangu akabidhiwe mwenyewe hukumu hiyo. Ninyi hamna njia hiyo. Mlifika, mlisikilizwa, na hata kama avoka wenu asingefika tarehe 18, hukumu ya baada ya somasio inahesabiwa kuwa imetolewa mbele ya pande zote mbili. Hiyo ndiyo adhabu kubwa iliyojificha katika kifungu cha 19, na watu hawaioni mpaka wanapofika kwa karani na kuambiwa kwamba oposisio haipokelewi. Kwenu imebaki rufaa tu, ndani ya siku 30 tangu hukumu iwakabidhiwe rasmi, na inatangazwa kwa karani wa Mahakama ya Rufaa ya Haut-Katanga, kwa sababu ndiyo itakayoisikiliza.

Kwenye rufaa hamwezi kuleta dai jipya, lakini mnaweza kuleta hati ambazo majaji wa kwanza hawakuzisoma. Kwa hiyo risiti za mzee hazijafa. Ila kuna hati moja ambayo msipoileta, rufaa nzima itatupwa bila mtu kufungua risiti hata moja: nakala rasmi ya hukumu mnayoilalamikia, iliyotolewa na kutiwa sahihi na karani. Fotokopi ya simu haitoshi. Nimeziona rufaa zenye haki zikianguka kwa kukosa karatasi hiyo moja. Iombeni siku hiyo hiyo hukumu itakaposomwa.

Neno la mwisho, na nalisema kwa heshima. Risiti zinathibitisha kwamba mauzo yalifanyika na fedha zililipwa. Kifungu cha 197 cha kanuni ya mikataba kinamtaka anayedai kwamba amekwisha kulipa alithibitishe hilo, na hizo ndizo ithibati zenu. Lakini risiti si cheti. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, haki ya kutumia kiwanja inathibitika kisheria kwa cheti cha usajili tu. Kwa hiyo, mkipata nafasi ya kusikilizwa, msijitetee tu kwamba msifukuzwe. Ombeni pia warithi walazimishwe kutimiza mauzo ya baba yao mpaka jina libadilike kwenye cheti. Dai hilo liletwe sasa, mjadala ukifunguliwa, kwa kuwa nilishasema kwamba kwenye rufaa dai jipya halipokelewi.

Mwana wa Likasi, London, anajibu:

Nimesoma mjadala huu kwa makini kwa sababu suala hili limegawanya pia majaji wa Uingereza, ambako ninafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Sheria ya huku haitumiki Lubumbashi, na sitaki mtu aende kuinukuu barazani, lakini swali linalowatenganisha Mpangaji wa Kampemba na Maître ndilo swali lililoulizwa huku, na namna lilivyojibiwa inaweza kumsaidia anayeandika ombi.

Huku adhabu zimeandikwa ndani ya kanuni zenyewe. Mtu asiyefichua hati kwa mwenzake hawezi kuitegemea kesini bila ruhusa ya mahakama. Jaji pia anaweza kutoa amri ya masharti, inayosema kwamba usipoleta hati fulani kufikia saa fulani ya siku fulani, utetezi wako unafutwa. Saa hiyo ikipita, utetezi umefutika wenyewe bila baraza jingine.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya mbunge Andrew Mitchell dhidi ya kampuni ya magazeti. Mawakili wake walitakiwa kuwasilisha makadirio ya gharama zao siku saba kabla ya baraza, wao wakayaleta mchana wa siku iliyotangulia baraza. Makadirio yalikuwa zaidi ya pauni 500,000. Waliadhibiwa kwa kuhesabiwa kana kwamba waliomba ada za mahakama peke yake, na Mahakama ya Rufaa ikaiacha adhabu hiyo isimame. Baada ya hapo kila wakili alianza kumvizia mwenzake. Mtu akichelewa hata kidogo, mwenzake anakimbilia kuomba afutiwe kesi, na mahakama zikajaa mabishano kuhusu tarehe badala ya mabishano kuhusu haki.

Mwaka uliofuata, 2014, mahakama hiyo hiyo ilikaa tena katika kesi ya Denton na kuwapa majaji njia ya maswali matatu. Wanauliza kwanza kosa lenyewe lilikuwa zito kiasi gani na liliathiri nini katika mwenendo wa kesi. Kisha wanauliza kwa nini lilitokea. Mwishoni wanatazama mazingira yote ya kesi, wakitilia mkazo maalumu mambo mawili: kesi iendeshwe kwa ufanisi na gharama inayolingana, na amri za mahakama zitiiwe. Majaji waliwaonya pia mawakili wanaotumia kosa dogo la mwenzao kama mtego, kwamba watalipishwa gharama.

Ninaona Maître amekwisha kuyajibu maswali hayo matatu bila kuyataja. Ningeongeza kwamba, kwa swali la kwanza, Binti asijidanganye: kukosa mabaraza mawili na kungoja mpaka asubuhi iliyofuata mwisho wa siku 15 za somasio ni kosa zito. Ombi likiri hivyo katika sentensi yake ya kwanza. Huku nimeona majaji wakimsikiliza kwa subira mtu aliyekiri, na wakimkatiza yule aliyeanza kwa kutafuta visingizio.

Kwa wale wanaosoma sheria ya Ufaransa, ambayo mawakili wetu wa Kongo huipenda kuitaja, kanuni yao inasema wazi katika kifungu cha 135 kwamba jaji anaweza kuondoa kwenye mjadala hati ambazo hazikupelekwa kwa wakati ufaao. Inasema «anaweza». Halazimiki.

Karani Mstaafu anajibu:

Ndugu yetu wa London amesema neno ambalo nilitaka kulirudia. «Anaweza». Hata hapa kwetu, majaji wa tarehe 18 wangeweza kuahirisha kwa wiki mbili na kuwapa warithi muda wa kusoma. Hawakufanya hivyo, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewaomba kwa maneno yanayoeleweka. Ndiyo maana nasisitiza plimitifu.

Niongeze jambo la mikono, kwa faida ya wote wanaosoma. Hati ikipelekwa kwa upande wa pili, usikubali neno la mdomo kwamba «wameipokea». Andika orodha ya hati, inventeri, kila hati na namba yake na idadi ya kurasa zake. Piga kopi mbili za orodha hiyo. Anayepokea atie tarehe, saa, jina na sahihi kwenye kopi yako. Siku zile nilipokuwa kazini, karatasi moja yenye mhuri wa kupokea ilimaliza mabishano ambayo hotuba ya saa nzima isingeyamaliza.

Binti wa Katuba anarudi:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, nawe pia, ndugu Mpangaji, kwa kuwa umenifanya nione jinsi tunavyoonekana tukitazamwa kutoka benchi la pili.

Nimekwenda kwa karani leo. Alinipokea vizuri, nikaisoma plimitifu nikiwa nimesimama. Imeandikwa kwamba hati za mshtakiwa zimeondolewa «kwa kutopelekwa kwa wakati», na kwamba avoka wa mshtakiwa «anaiachia mahakama hekima yake». Hakuna ombi la kuahirisha. Niliisoma mara tatu nikitafuta ombi hilo. Somasio nimeipata pia katika jalada: ina ukurasa mmoja, na aya ya kifungu cha 19 imenukuliwa yote, neno kwa neno. Kwa hiyo hoja hiyo, Maître, hatunayo.

Avoka wetu anasema tungoje hukumu. Mama hataki tena kumwona. Je, tunaweza kumchukua mwingine wakati kesi iko delibere, na je, yule wa kwanza anaweza kukataa kuturudishia risiti za asili mpaka tumalize kumlipa?

Maître wa Kamalondo anajibu:

Mnaweza kubadilisha avoka wakati wowote, hata leo jioni. Avoka mpya ataiandikia mahakama kwamba sasa ndiye anayemtetea mama, na kwa desturi yetu atamwarifu pia avoka wa kwanza. Yale ya malipo yaliyobaki yajadiliwe kwa utulivu, kwa barua. Akizuia risiti, mwandikieni Batonie, yaani mkuu wa baraza la mawakili, bila kukawia, mkieleza kwamba kesi iko delibere na kila siku ina uzito. Ana mamlaka ya kumwita na kumsikiliza. Sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979 inaruhusu pia kumwadhibu avoka aliyezembea, kuanzia onyo hadi kufutwa kwenye orodha, na juu ya hilo mnaweza kumdai fidia ikiwa mtapoteza kiwanja kwa uzembe wake. Lakini hayo ni ya baadaye. Adhabu ya avoka haitamrudishia mama kiwanja, na nguvu mlizo nazo wiki hii ziende kwenye ombi.

Hukumu ikisomwa kabla ombi halijajibiwa, tazama kama majaji wameamuru itekelezwe hata kama kuna rufaa. Kwa kawaida rufaa inazuia utekelezaji, lakini wakiamuru hivyo, wisie anaweza kuja nyumbani wakati rufaa bado inangoja. Hapo itabidi kuiomba Mahakama ya Rufaa izuie utekelezaji, na ombi hilo nalo linahitaji nakala rasmi ya hukumu. Narudia jambo la nakala hiyo kwa makusudi.

Kuhusu somasio, umefanya vizuri kwenda kuisoma mwenyewe badala ya kutumaini. Hoja isiyokuwepo isiandikwe.

Binti wa Katuba anarudi:

Maître, Mzee Karani, ndugu wa London, natoa taarifa.

Risiti zimerudi. Sikulazimika kumwandikia Batonie. Mama alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye chumba cha kungojea tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, bila ugomvi, na kopo lile la maziwa mapajani mwake. Katibu wa ofisi aliona haya, akazitoa kabatini. Tumezihesabu mbele yake, zote nne zipo. Moja ilikuwa imetobolewa na pini ya jalada karibu na kidole gumba, lakini wino unaonekana.

Avoka mpya amekubali kazi hii jana. Ombi lina kurasa tatu. Sentensi ya kwanza inakiri kwamba hati zilichelewa na kwamba wadai walikuwa na haki ya kulalamika. Kisha zinafuata risiti, moja moja, kwa tarehe na kiasi, halafu pendekezo kwamba wadai wapewe siku 15 za kuzikagua zile za asili kwa karani, na dai la kubadilishwa kwa jina kwenye cheti. Inventeri imepigwa kopi mbili. Leo saa tano na dakika kumi avoka wa upande wa pili ametia sahihi ya kupokea, na saa sita kasoro robo karani ametupigia mhuri.

Tangu tarehe 18 Machi zimepita siku 12. Hukumu haijasomwa.